Njia Ndiyo Huzaa Nia

Bumala ni kituo cha soko magharibi mwa Kenya, upande wa Busia, kando ya barabara kuu iendayo Uganda. Katikati ya miaka ya 2000 wachumi wawili, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, walifika hapo, wakachagua kwa bahati nasibu baadhi ya wachuuzi wadogo na kuwalipia ada ya kufungua akaunti katika benki ya kijiji. Akaunti yenyewe haikuwa na cha kutamanisha. Haikutoa riba hata senti. Anayetoa pesa alikatwa. Ukijumlisha na mfumuko wa bei, shilingi iliyolala humo ilikuwa ikinyauka mwezi hadi mwezi.

Wanawake wa sokoni wakaitumia. Si wote, ila walioitumia walitosha kubadili hesabu: baada ya miezi michache, kundi la wanawake waliofunguliwa akaunti lilikuwa likitia mtaji katika biashara zao kwa kiwango kilichozidi cha wenzao kwa kati ya asilimia 38 na 56. Wanaume waliobeba abiria kwa baiskeli, nao waliopewa akaunti ileile, hawakuonyesha badiliko la maana.

Kwa nini mtu alipie kuweka pesa mahali zinapopungua? Kwa sababu zikibaki nyumbani hupungua kwa kasi zaidi. Pesa ya nyumbani ina wenyewe wengi. Yupo mume aliyepungukiwa, yupo wifi anayeuguza, ipo ada ya mtoto wa dada, upo msiba wa jirani. Kila mmoja ana haki ya kuomba, na mama hana uso wa kukataa ilhali noti zimo kwenye kopo la kabatini. Akaunti ya Bumala ilimpa maneno ya kujibu: pesa ziko benki.

Miaka michache baadaye simu ikafanya kazi hiyohiyo kwa upana zaidi. M-Pesa ilizinduliwa Kenya mwezi Machi 2007. Tavneet Suri na William Jack waliofuatilia matokeo yake kwa muda mrefu waliandika katika jarida la Science mwaka 2016 kwamba huduma hiyo ilikuwa imezitoa kaya zipatazo 194,000 katika umaskini, na kwamba wanawake wapatao 185,000 walikuwa wameifanya biashara kuwa kazi yao kuu, wengi wao wakitoka kwenye kilimo cha kujikimu. M-Pesa haikumhutubia mwanamke yeyote kuhusu ujasiriamali. Ilimpa mahali pa kuweka pesa penye namba ya siri.

Namba hizo zinagusa moyo wa swali linaloulizwa katika kila semina ya uwezeshaji, kuanzia Mwanza hadi Mombasa: ni nini humfanya mwanamke akusudie kuanzisha biashara yake mwenyewe? Jibu la semina hujulikana kabla ya chai ya saa nne. Wanawake wahamasishwe. Neno hilo hubeba dhana kwamba nia haipo na lazima mtu aje nayo kutoka mjini. Lakini ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2019 kuhusu wanawake na biashara Afrika ilionyesha kwamba eneo la kusini mwa Sahara ndilo pekee duniani ambako wanawake wana uwezekano mkubwa kuliko wanaume wa kujiajiri katika biashara. Ripoti hiyohiyo ilionyesha kwamba faida yao ni pungufu kwa wastani wa asilimia 34 ikilinganishwa na ya wanaume. Nia ya kuanza imejaa tele. Kinachotakiwa kueleweka ni kwa nini nia hiyo huwa na umbo lilelile: ndogo, karibu na nyumbani, na inayofanana na ya jirani.

Msimamo wa safu hii ni kwamba mwanamke huikata nia yake kama fundi akatavyo kitambaa, kwa kipimo cha mapato anayoamini yatabaki mikononi mwake. Wahenga walisema penye nia pana njia. Katika jambo hili ushahidi unaelekea upande wa pili: njia ikionekana, nia hukua kuifuata.

Wataalamu wamekuwa wakiizunguka hoja hii kwa miongo kadhaa. Mwaka 1982 Albert Shapero na Lisa Sokol waliandika kwamba maisha ya mtu huenda kwa mazoea mpaka msukosuko umtikise: kuachishwa kazi, kuhama, talaka, kifo cha mwenza. Hapo ndipo hutazama huku na huku, na biashara atakayoichagua lazima iwe kitu anachokitaka na anachoona kinawezekana. Icek Ajzen, katika makala yake maarufu ya mwaka 1991, aliigawa nia ya kutenda jambo lolote katika mafungu matatu. La kwanza ni mtazamo wa mtu kuhusu jambo lenyewe. La pili ni anavyohisi watu wake wa karibu watalichukuliaje. La tatu ni kama anaamini jambo hilo limo ndani ya uwezo wake.

Tafiti nyingi za vyuo vikuu hugawa madodoso yenye mafungu hayo kwa wanafunzi na kujumlisha alama. Matokeo hutoka safi, na hapo ndipo penye hatari. Msichana wa mwaka wa pili chuoni anayejaza kwamba ana uwezo wa kuanzisha biashara hajakutana bado na wifi anayeuguza.

Msukosuko wa Shapero una mfano hai Dar es Salaam. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mshahara wa mtumishi wa serikali ulikuwa umeporomoka thamani kiasi cha kutotosha chakula cha mwezi. Mtafiti Aili Mari Tripp, aliyefanya kazi Manzese na Buguruni mwaka 1987 na 1988, alikuta familia zikiishi kwa kile kilichoitwa miradi: kuku wa mayai, maandazi, barafu, ushonaji, ng'ombe wawili uani. Wengi waliobeba miradi hiyo walikuwa wanawake. Walimu na wauguzi walifuga kuku. Wake wa makarani walikaanga vitumbua. Serikali ilikuwa imepitisha Sheria ya Nguvu Kazi mwaka 1983, na waliokutwa mitaani bila kitambulisho cha kazi walikamatwa na kupelekwa vijijini kulima, lakini vitumbua havikukoma. Njaa ilikuwa na sauti kubwa kuliko mgambo.

Jambo la kuangaliwa hapa ni fungu la pili la Ajzen, lile la watu watasemaje. Katika nyumba nyingi za wafanyakazi wa mjini, mke kuuza chakula barabarani ilikuwa aibu iliyomgusa mume moja kwa moja, kana kwamba ameshindwa kumlisha. Katika muda wa miaka isiyozidi 10 aibu hiyo ilipinduka. Mwanamke asiye na mradi ndiye aliyeanza kuulizwa anaishije. Mila ilibadilika haraka kwa sababu mfuko wa mume ulikuwa umetoboka mbele ya kila mtu, na hakuna aliyekuwa na uso wa kuitetea.

Inafaa pia kukumbuka kwamba pwani jambo hili lina mizizi mirefu kuliko hali ngumu ya miaka ya 1980. Bibi Titi Mohamed alipoanza mwaka 1955 kuwakusanya wanawake wa Dar es Salaam kuingia TANU, chama kilichopigania uhuru, aliwapata kupitia vikundi vya ngoma, na wengi wao walikuwa na vibiashara vyao vya vyakula na pombe. Mwanahistoria Susan Geiger aliyewahoji wanawake hao wakiwa watu wazima alionyesha jinsi pesa yao wenyewe ilivyowapa uhuru wa kutoka, kuchanga na kusafiri kwa shughuli za chama. Pesa isiyoombewa ruhusa ilifanya kazi yake hata katika harakati za uhuru.

Basi, je, hamasa haina kazi kabisa? Upo mfano wa Tanzania unaostahili kusomwa polepole na kila anayepanga bajeti ya mafunzo. Mwaka 2011 shirika la Femina Hip, linalojulikana na vijana wengi kwa jarida la Fema, lilirusha kipindi cha televisheni kilichoitwa Ruka Juu. Vijana wenye biashara ndogo walishindana, walipewa majukumu, walifundishwa kutunza kumbukumbu na kumjali mteja. Kipindi kilikuwa kizuri na kilitengenezwa kwa moyo. Watafiti wakiwemo Kjetil Bjorvatn na Bertil Tungodden wa Norwe waliwachukua wanafunzi wa sekondari zaidi ya 2,000, wakalivutia kundi moja likitazame kwa karibu miezi mitatu, kisha wakalilinganisha na kundi lingine.

Hamu ya biashara ilipanda, hasa kwa wasichana. Kama utafiti ungeishia kwenye dodoso la nia, ungetangazwa kuwa ushindi. Watafiti waliendelea. Walitazama matokeo ya mitihani, wakakuta waliohamasishwa wamefanya vibaya zaidi darasani. Waliwatafuta tena baada ya muda, wakakuta wachache zaidi miongoni mwao wameendelea na masomo, na hakukuwa na ushahidi wa kutosha kwamba wamemiliki biashara kuliko wenzao. Nia iliamka, ikakosa pa kwenda, na njiani ikapunguza thamani ya shule machoni mwa kijana. Lawama hapa haiwafikii waliotengeneza kipindi. Ilikuwa vigumu kuliona hilo kabla, na imekuwa faida kwa nchi kwamba mtu alilipima.

Mafunzo kwa watu wazima nayo yana kisa chake. Mwaka 2008 baadhi ya watafiti hao walishirikiana na PRIDE Tanzania, taasisi ya mikopo midogo, na kituo cha ujasiriamali cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wakopaji wa jijini walipewa vipindi 21 vya mafunzo ya biashara katika mikutano yao ya kila wiki, na baadhi yao walipewa ruzuku ya shilingi 100,000. Kwa wanaume, mchanganyiko wa mafunzo na ruzuku ulileta ongezeko kubwa. Kwa wanawake ongezeko lilikuwa hafifu. Walimu walikuwa walewale, vitabu vilevile, na wengi wa wanafunzi wa kike walikuwa wafanyabiashara wenye uzoefu.

Mtu anaweza kuyasoma matokeo hayo na kusema wanawake hawafundishiki. Lome, mji mkuu wa Togo, unamkatalia. Huko wafanyabiashara wadogo 1,500 waligawanywa makundi: wengine walifundishwa mambo ya kawaida ya hesabu na masoko, wengine walifundishwa tabia ya kuanza jambo bila kungoja kuambiwa, kutafuta tofauti na washindani, kuandaa mpango wa pili pale wa kwanza unapokwama. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha faida ikipanda kwa asilimia 30 katika kundi la pili, huku mafunzo ya kawaida yakikosa athari ya kutegemewa. Wanawake walifaidika pamoja na wanaume. Aina ya mafunzo ina maana, basi, na somo linalomfaa mwanamke zaidi huenda ni lile linalomruhusu kutofautiana na wenzake, kwa kuwa hilo ndilo amekatazwa tangu utotoni.

Kutofautiana peke yako ni kazi ngumu. Mkiwa wawili inawezekana. Ahmedabad, India, benki ya wanawake ya SEWA iliendesha mafunzo ya siku mbili. Baadhi ya wanawake walialikwa waje wenyewe, wengine waje na rafiki. Miezi michache baadaye waliokuja peke yao walikuwa kama walivyokuwa. Waliokuja na rafiki walikuwa wamekopa zaidi na kuitumia mikopo kwa biashara, na badiliko lilikuwa kubwa zaidi kwa wanawake wa jamii zinazombana mwanamke asitoke. Rafiki hakuongeza mtaji. Aliongeza shahidi, mtu wa kutembea naye, na mtu wa kumwuliza kesho yake: ulienda?

Wanawake wa Afrika Mashariki hawakuhitaji utafiti wa India kulijua hilo. Wana upatu, wana michezo ya kupokezana, na zaidi wana vikoba, vikundi vya kuweka na kukopa. Mfumo wa vikoba una asili yake Niger, ambako shirika la CARE mwaka 1991 lilisaidia vikundi vya wanawake vilivyoitwa kwa Kihausa Mata Masu Dubara, yaani wanawake wenye mbinu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtindo huo ulifika Zanzibar na Tanzania Bara, na leo ni nadra kupata mtaa usio na kikoba, na ofisi nyingi zina chao.

Kila aliyekaa katika kikao cha kikoba analijua sanduku. Lina makufuli matatu, na funguo hukaa kwa wanachama watatu tofauti, ili asiwepo anayeweza kulifungua peke yake. Kinga hiyo hutajwa kuwa dhidi ya wizi. Ina kazi nyingine isiyoandikwa kwenye katiba ya kikundi: mama akirudi nyumbani usiku na kuulizwa kama kuna chochote, anaweza kujibu kweli tupu kwamba hakuna, kipo kwenye sanduku, na sanduku halifunguki mpaka Jumamosi. Pesa ikitoka wakati wa kuvunja kikoba mwishoni mwa mwaka, hutoka kwa mkupuo unaotosha kununua jokofu la juisi au mabando ya mitumba. Ingekaa nyumbani ingetoka mia tano mia tano.

Wachumi Pamela Jakiela na Owen Ozier walilipima shinikizo hili vijijini magharibi mwa Kenya, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016. Washiriki walipewa pesa na nafasi ya kuchagua namna ya kuziwekeza, wengine matokeo yao yakitangazwa hadharani, wengine yakibaki siri. Wanawake waliojua matokeo yatatangazwa walichagua njia yenye mapato madogo iliyowawezesha kuficha kiasi, hasa ndugu zao walipokuwapo. Walikubali kupata kidogo ili wabaki na wanachokipata. Kitendo kama hicho kikirudiwa sokoni kila siku kwa miaka 20, ndicho kinachoitwa kwenye ripoti ukosefu wa ari ya kukuza biashara.

Nyumba nayo ina mkono wake. Kwa muda mrefu ilijulikana kwamba ruzuku za mtaji huwazalia wanaume faida na wanawake kidogo sana. Timu ya Arielle Bernhardt na wenzake ilirudia takwimu za India, Sri Lanka na Ghana, ikawatazama wanawake kwa kaya zao. Mwanamke ambaye biashara yake ndiyo pekee ya nyumbani alipata faida inayolingana na ya wanaume. Upungufu ulikuwa kwa wale ambao mume au ndugu naye alikuwa na biashara: mtaji ulipita kwao ukaingia kwa mwingine. Wakati mwingine ulikuwa uamuzi wa pamoja na wa busara kwa kaya nzima. Lakini jina kwenye mkataba wa mkopo lilibaki la mama, na marejesho ya kila wiki yakabaki yake.

Hapa ndipo sera inapopaswa kukaguliwa bila huruma. Tanzania ina jambo zuri ambalo nchi nyingi hazina: tangu mwaka 2018 sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 serikali iliisimamisha baada ya kubainika vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa, kisha ikarejea mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Mjadala wa umma uliishia hapo, nani kala, nani hajalipa, nao ni mjadala wa lazima. Swali lililopata muda mdogo ni pesa hizo zinapita mikono ya nani zikishatoka. Mkopo wa kikundi humpa mama dhamana ya wenzake na aibu ya kutolipa. Haumpi ulinzi wowote dhidi ya madai ya nyumbani. Na mikopo hiyo inapochelewa, mtaani kuna wanaotoa mikopo ya siku hiyohiyo, ile ambayo wakopaji wenyewe wameibatiza jina la kausha damu. Mwanamke aliyeona samani za jirani zikibebwa kwa ajili ya mkopo huo hupunguza nia yake kwa hiari, na hakuna wa kumlaumu.

Nchi iliwahi kuwa na Benki ya Wanawake Tanzania. Ilifunguliwa mwaka 2009 na kuunganishwa na Benki ya Posta mwaka 2018. Jina peke yake halikutosha.

Yapo pia mambo ambayo mwanamke hayakusudii kwa sababu hajawahi kuyaona. Katwe, Kampala, ni mtaa wa vyuma: magari yaliyofunguliwa, mageti yanayochomelewa, majiko yanayopondwa kwa nyundo tangu asubuhi. Watafiti wa Benki ya Dunia waliwalinganisha wanawake walioingia kazi hizo za kiume na wale waliobaki kwenye saluni, mapishi na cherehani. Walioingia walipata sawa na wanaume wa fani hiyo, na mara tatu ya wanawake wenzao waliobaki. Elimu haikuwatofautisha. Kilichowatofautisha ni kwamba walikuwa na baba, kaka, mume au rafiki ndani ya fani hiyo aliyewaingiza, akawaonyesha wapi pa kununua bati na nani wa kumwogopa. Na wengi wa waliobaki hawakujua kwamba kazi ile nyingine inalipa zaidi.

Hilo linapaswa kuwakera watu wanaogawa cherehani kila mwaka. Mtaa wenye mafundi cherehani 14 hupewa wengine 20, picha inapigwa, na bei ya kushona gauni inashuka. Msichana anayepewa cherehani angeweza kupelekwa wiki mbili tu kwenye gereji ya mjomba wake.

Mtoto mgongoni ni sababu nyingine, na haina haja ya maelezo marefu. Korogocho, Nairobi, akina mama waliolipiwa sehemu ya kulelea watoto mchana walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kazini, kwa tofauti ya pointi 8.5 za asilimia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019. Masoko mengi yanayojengwa leo yana vizimba, vyoo na maegesho. Chumba cha watoto ni nadra.

Lakini kama kuna mahali pa kuona njia ikizaa nia kutoka sifuri, ni pwani ya mashariki ya Unguja. Mwaka 1989 kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani. Kabla yake hakuna mwanamke wa Jambiani aliyekusudia kulima mwani. Wanunuzi walipofika na kamba na mbegu, wanawake waliingia kwa maelfu. Sababu zinaonekana kwa macho. Shamba liko kwenye maji mafupi, unalifikia kwa miguu wakati wa bamvua bahari inapotoka mbali. Vigingi, kamba, na mbegu iliyotolewa kwenye mavuno ya jana: mtaji mdogo. Kazi ilifanana na kuchokoa pweza na kuokota chaza, kwa hiyo hapakuwa na wa kushangaa kumwona mwanamke baharini. Wanaume wengi walijaribu, bei ikawakatisha tamaa, wakarudi kwenye uvuvi na hoteli. Leo wakulima wa mwani Zanzibar ni zaidi ya 20,000 na wengi mno ni wanawake. Nyumba za mawe na bati katika vijiji hivyo zimejengwa kwa pesa hiyo, na mazungumzo ndani ya nyumba yamebadilika pamoja na paa.

Sasa njia ile inazama. Bahari imepata joto, na aina ya mwani inayoitwa cottonii, yenye bei nzuri, hufa kwenye maji mafupi. Inabaki spinosum, ambayo huvumilia zaidi lakini bei yake ni ya chini. Dkt. Flower Msuya, mtafiti aliyetumia maisha yake katika kilimo hiki, amefuata njia mbili. Moja ni kuongeza thamani: kupitia umoja ulioanzishwa mwaka 2006, wanawake wa vijiji kama Kidoti walijifunza kutengeneza sabuni ya mwani, na kipande kimoja cha sabuni kikauzwa kwa bei inayozidi ile ya kilo nzima ya mwani mkavu. Nyingine ni kuupeleka mwani kwenye maji ya kina, yenye baridi, ukiwa ndani ya nyavu zenye umbo la bomba.

Njia hii ya pili ndiyo inayofundisha zaidi, kwa kuwa inataka mashua, na mwanamke aliyezaliwa mita 50 kutoka ufukweni mara nyingi hajui kuogelea. Mvulana wa kijijini hujitupa majini kabla ya kujua kusoma. Dada yake huitwa arudi ndani. Hakuna dodoso la nia lenye swali hilo, na hata lingekuwepo, mama huyo angejibu kwamba hataki kulima kwenye kina. Waliojaribu nyavu hizo waliliona mapema, wakaweka kuogelea na kuendesha mashua ndani ya mafunzo yenyewe, pamoja na kufunga kamba na kupanda mbegu. Wanawake watu wazima, wengine bibi, waliingia majini na nguo zao wakishikana mikono, wakaanza kwa kujifunza kuelea.